Bando Likiisha, Masomo Yasiishe: Kusoma Mtandaoni kwa Gharama Ndogo Ukiwa Kilwa na Lindi

Kila muhula ukifunguliwa, maswali yanayonifikia ni yale yale. Mwanafunzi wa kidato cha nne Kilwa Masoko anauliza atapata wapi kitabu cha Fizikia, maana shuleni wanagawana kimoja watu watano. Mwalimu wa shule ya msingi kule Kipatimu anataka mafunzo yatakayomsaidia kufundisha darasa lililofurika. Muuguzi wa zahanati ya kijijini anataka kujiendeleza bila kuacha kazi. Wote wanamalizia kwa swali moja: ni kweli kuna masomo ya bure mtandaoni, na nianzie wapi?

Ni kweli yapo, tena ni mengi kuliko utakavyoweza kuyamaliza. Kinachotugharimu sisi watu wa pwani ya kusini ni bando, ni chaji, na ni usiku mzima unaopotea ukitafuta bila mpangilio. Ndiyo maana ushauri wangu wote hapa unarudi kwenye jambo moja: chota mara moja, soma mara nyingi.

Tulichojifunza Mei 2024

Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliifikia pwani yetu. Mvua ikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi upande wa Kilwa, maeneo ya Somanga, na mabasi yakakwama huku na huku. Hatujapumua, tarehe 12 Mei nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, na intaneti ikazorota nchi nzima. Ndani ya siku tisa tulikuwa tumekatikiwa na njia ya nchi kavu na ya mtandao.

Kitabu kilichoagizwa Dar hakikufika, na video iliyosubiriwa ifunguke haikufunguka. Aliyekuwa na kitabu ndani ya simu yake aliendelea kusoma. Usisubiri siku nyingine kama zile ndipo uanze kuweka akiba.

Kabla hujapakua chochote, jibu maswali matatu

Chukua karatasi, uandike majibu. Usiyaweke kichwani.

1. Nataka nini hasa? "Nataka kujua kompyuta" ni maneno mapana mno. "Nataka kuandaa hesabu za kikundi chetu cha mwani kwenye jedwali la Excel" ni lengo.
2. Nasomea nini: mtihani, kazi au cheti? Kila kimoja kina mlango wake, na ukichanganya utapoteza muda.
3. Nina kifaa gani? Tazama nafasi iliyobaki kwenye simu. Ikiwa chini ya GB 2, hamisha kwanza picha na video za WhatsApp, au nunua memori kadi.

Kwa mwanafunzi wa sekondari

Anzia nyumbani, kwa vyanzo vinavyofuata mtaala wetu.

- Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Anwani yake ni ol.tie.go.tz. Humo mna vitabu vya kiada, nawe unavisoma bila kulipa. Kama kitabu ulichokipata kinasomwa humo humo bila kupakuliwa, soma sura moja kwa kikao kimoja na uandike muhtasari daftarini. Daftari halihitaji bando.
- Tovuti ya Baraza la Mitihani, necta.go.tz. Wengi huiingia siku ya matokeo tu, nao huacha hazina nyuma yao. Pakua fomati ya mtihani wa somo lako, kisha taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Taarifa hiyo hupitia swali baada ya swali, ikieleza watahiniwa wengi walikosea wapi na kwa nini, na hutoa mifano ya majibu mazuri na mabaya. Ni kama kukaa karibu na msahihishaji.
- Shule Direct. Jukwaa la Kitanzania lililoanza mwaka 2013, lenye masomo ya sekondari yaliyoandaliwa kwa mtaala wa hapa.
- Khan Academy. Nzuri kwa hisabati na sayansi, hasa pale msingi ulipovunjika. Kama milinganyo inakushinda, rudi nyuma hadi sehemu na desimali, bila aibu.
- OpenStax. Vitabu kamili vya chuo vinavyotolewa na Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Vinamfaa wa kidato cha tano na sita na mwanachuo. Vinapakuliwa bure na kihalali.

*Angalizo:* mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa madarasa machache, na unapanda mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo notisi alizokupa kaka yako huenda si za mtaala wako. Kabla ya kukariri, muulize mwalimu: "Hizi ni za mtaala wangu?"

Kwa mwalimu

- MEWAKA. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini yana moduli zake katika mfumo wa TET wa kujifunzia mtandaoni. Kaeni walimu watatu wanne, mmoja afungue, wote mjadili. Bando linaloliwa ni la mtu mmoja, faida ni ya shule nzima.
- TESSA. Mpango wa elimu ya walimu Afrika Kusini mwa Sahara, ulioanza mwaka 2005 chini ya Open University ya Uingereza na washirika wa Kiafrika. Anwani ni tessafrica.net. Una moduli za Kiswahili zenye shughuli za darasani unazoweza kuzibadilisha ziendane na mazingira yako. Kama mfano unataja soko, weka soko la samaki la Kivinje.
- African Storybook. Hadithi fupi za watoto, nyingi kwa Kiswahili, zimepangwa kwa ngazi za usomaji. Pakua kumi, chapisha mbili, nyingine wasomee kwenye simu.
- Ubongo. Katuni za Ubongo Kids na Akili and Me zimetengenezwa Dar es Salaam. Zinafundisha kuhesabu na kusoma kwa lugha anayoielewa mtoto wa Mchinga.

Kwa mtumishi, mvuvi, mkulima na mwongoza watalii

- FAO. Chuo chao cha mtandaoni, elearning.fao.org, hakina ada. Kina kozi za uvuvi, ufugaji wa viumbe maji, usalama wa chakula na usimamizi wa mazao baada ya kuvuna. Afisa uvuvi, kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) na bwana shamba anayehudumia wakulima wa korosho na ufuta, mlango wenu ni huu.
- OpenLearn. Ni ya Open University ya Uingereza. Kozi ni bure, na karatasi ya ushiriki ni bure. Sifa yake kubwa kwetu ni kwamba maandishi ya kozi yanaweza kupakuliwa kama PDF au Word, ukayasoma mahali pasipo na mtandao kabisa.
- Research4Life. Inafungua majarida ya kitaaluma ya afya, kilimo na mazingira kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwemo. Sehemu yake ya afya huitwa Hinari. Hapa hajisajili mtu binafsi, inajisajili taasisi. Muulize mkuu wako wa kazi kama hospitali au chuo chenu kimesajiliwa. Kama bado, andika barua ya kupendekeza.
- BBC Learning English na LearnEnglish ya British Council. Kwa anayetaka Kiingereza cha kazini. Vipindi vifupi vya sauti vyenye maandishi yake hutumia bando kidogo na hurudiwa mara nyingi.
- Kwa waongoza watalii wa Kilwa Kisiwani. Magofu yetu yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara, na maelezo ya UNESCO yako wazi kwa kila mtu. Google Arts & Culture ina maonyesho ya Kilwa Kisiwani yanayoonyesha jinsi bahari inavyoyala majengo. Mgeni mwingine huja ameshayasoma hayo. Nawe yasome, kisha mpe yale ambayo wewe peke yako unayajua, kwa kuwa umezaliwa hapo.

Jinsi ya kubana bando

Kina mama wanaolima mwani hawaendi baharini saa yoyote. Wanangoja bamvua, maji yakitoka mbali wanaingia na kamba zao, kazi inafanyika. Mtandao nao una saa zake. Sehemu nyingi usiku wa manane na alfajiri huwa mwepesi, na vifurushi vya usiku mara nyingi vina bei nafuu. Jua saa ya bamvua ya mtandao pale unapokaa, na upakue saa hiyo.

1. Orodhesha kwanza, jiunge baadaye. Andika vitu utakavyopakua, ndipo ununue kifurushi. Ukijiunga kabla ya kujua unataka nini, bando litaishia kwenye video za mpira.
2. Pendelea maandishi, kisha sauti, kisha video. Saa moja ya sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde ni takriban MB 29. Saa moja ya video ya ubora wa 720p inaweza kukaribia au kuzidi GB 1.
3. Shusha ubora wa video. Kwa somo la hesabu ubaoni, 240p inatosha. Unachohitaji ni kusikia na kuona namba.
4. Zima masasisho ya programu na upakuaji wa picha na video unaofanyika wenyewe kwenye WhatsApp. Hapa ndipo bando la wengi huvujia.
5. Fungua faili kabla hujaondoka. Hakikisha limepakuliwa lote. Usije ukafika Songo Songo ukakuta ukurasa wa kwanza tu.
6. Lipe jina linaloeleweka. "Biolojia_K3_Usafirishaji" utaliona tena. "Document(14)" hutaliona.

Simu moja, darasa zima

Mambo manne yanaweza kubadilisha shule au mtaa usio na mtandao.

- Kolibri. Programu ya bure ya Learning Equality. Mtu mmoja anapakua masomo kwenye kompyuta palipo na mtandao mzuri, tuseme Lindi mjini. Akirudi kijijini, simu na kompyuta nyingine zinaunganishwa na ile moja kwa Wi-Fi yake, na wanafunzi wanasoma bila intaneti.
- Kiwix. Inakuwezesha kuibeba Wikipedia ndani ya simu. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ni ndogo kuliko ya Kiingereza na inaenea hata kwenye memori kadi ya kawaida.
- Memori kadi na flash. Zizungushwe kama kitabu cha maktaba: nani kachukua, lini atarudisha. Zisafishe virusi kwenye kompyuta kabla ya kuzipokea.
- Steshenari. Usidharau karatasi. Kurasa kumi muhimu zilizotolewa kopi na kuchangiwa na watu watano huishi mwaka mzima, hazihitaji chaji, na zinasomeka juani.

Na kama shule yenu ina kompyuta zilizofungiwa ofisini, uliza kwa heshima. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) umepeleka vifaa katika shule nyingi za umma. Kompyuta isiyotumika huharibika upesi, hasa kwa hewa ya chumvi kama yetu.

Cheti: kina uzito gani?

Hapa wengi huumia, basi tuelewane vizuri.

- Cheti cha kozi fupi ya mtandaoni kinaonyesha juhudi na ujuzi. Hakichukui nafasi ya stashahada wala shahada.
- Ukitaka sifa ya kupandia daraja au kuajiriwa, hakikisha chuo kinatambuliwa: vyuo vikuu na shahada za nje uliza Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), vyuo vya kati na vya ufundi uliza Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Uliza kabla ya kulipa.
- Majukwaa kama edX na Alison yanakuruhusu kusoma bure na kulipia cheti. Kama unataka maarifa tu, usilipe.
- Coursera ina utaratibu wa kuomba msaada wa ada kwa kozi unayoitaka. Eleza hali yako kwa ukweli, kwa maneno yako mwenyewe, na anza kuomba mapema kwa sababu jibu halitoki siku hiyo hiyo.
- Anayetafuta shahada bila kuhama nyumbani aangalie Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Si bure, lakini kina vituo mikoani, Lindi ikiwemo, na gharama ya kupanga chumba ugenini inakuondokea.
- Uliyekatishwa sekondari, iwe kwa ada au kwa ujauzito, njia hazijafungwa. Uliza Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kama hukuwahi kuingia sekondari, uliza pia mtihani wa maarifa, QT. Vyanzo vile vile nilivyovitaja hapo juu ndivyo utakavyovitumia kujiandaa.

Jihadhari na matapeli

- Anayekuuzia "mtihani uliovuja" kwenye Telegram anakuibia mara mbili: pesa yako, na matokeo yako yakifutwa.
- Ufadhili wa kweli haukuombi "ada ya kushughulikia" kwa namba ya simu ya mtu binafsi.
- Anwani za serikali yetu huishia na .go.tz. Soma herufi moja moja kabla ya kuandika nywila.
- Usimpe mtu yeyote namba ya siri ya simu, hata akijiita mtoa huduma. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli.
- Faili linaloishia .apk ulilotumiwa na usiyemjua si kitabu. Lifute.

Makosa ninayoyaona kila mara

1. Kupakua mia, kusoma sifuri. Chukua kitabu kimoja, kimalize.
2. Kuanza kozi nne kwa pamoja. Moja kwa wakati, wiki sita, basi.
3. Kutazama video bila kalamu. Simamisha kila dakika chache, tatua swali mwenyewe, ndipo uendelee.
4. Kuamini jibu la roboti ya akili unde bila kulikagua. Inaweza kueleza vizuri, na inaweza kukosea kwa kujiamini vile vile. Linganisha na kitabu cha TET.
5. Kusoma peke yako hadi ukate tamaa. Tafuta mwenzako mmoja mnayeulizana kila Jumapili.

"Lakini..."

*"Mimi nina kitochi tu."* Ungana na mwenye simu janja. Wewe changia bando, yeye achangie kifaa. Kurasa muhimu zitoeni kopi.

*"Kiingereza changu ni kidogo."* Anza na vya Kiswahili: TESSA, Ubongo, Wikipedia. Vya Kiingereza soma aya moja, andika maneno matano mapya, rudia kesho. Baada ya miezi mitatu hutajifahamu.

*"Mzazi wangu anasema nachezea simu."* Mkalishe, mwonyeshe. Mama, baba, nanyi naomba msikilize: mwambieni mtoto awaeleze alichosoma leo. Akieleza, amesoma. Akigugumia, mwekeeni saa maalumu, msimnyang'anye kabisa.

*"Nachoka, kazi ni nyingi."* Dakika ishirini tu, lakini kila siku, kwa saa ile ile. Sala ya alfajiri ikiisha, kabla nyumba haijaamka, ni wakati mzuri sana.

Wiki yako ya kwanza

- Jumatatu: andika lengo kwa sentensi moja. Safisha simu.
- Jumanne: chagua chanzo kimoja kati ya nilivyovitaja. Orodhesha faili tatu.
- Jumatano: saa ya mtandao mwepesi, jiunge, pakua, fungua, hakikisha.
- Alhamisi hadi Jumamosi: zima data. Soma dakika ishirini kila siku, kalamu mkononi.
- Jumapili: mweleze mtu mmoja ulichojifunza, kisha umrushie yale mafaili matatu kwa Bluetooth.

Hatua hiyo ya Jumapili usiiruke. Ukimrushia jirani yako leo, siku barabara ya Somanga ikikatika tena na mtandao ukalegea, mtaa wenu utakuwa na nakala mbili za kitabu kimoja. Yeye akimrushia mwingine, zitakuwa tatu. Kitabu cha Fizikia ambacho watoto watano wanakigombania kitakuwa kwenye simu ya kila mmoja wao.